Kufunga zawadi za sikukuu bila kuacha takataka: kipi kinafaa na kipi ni kupoteza hela

Kwa wenye haraka naanza na hukumu yenyewe: kitambaa ndo namba moja, karatasi ya kaki na kamba ya katani namba mbili, na vile vitu vinavyouzwa vikiwa vimeandikwa "rafiki wa mazingira" vingi havistahili hela yako. Sasa ukiwa na muda tukae tuongee vizuri maana kila kimoja kina mambo yake, na vingine vina tabu ambayo muuzaji hawezi kukuambia.

Kipimo changu ni kimoja tu. Zawadi ikishafunguliwa, hiki kilichobaki mkononi kinaenda wapi? Kama jibu ni jalalani moja kwa moja basi hata kiwe kizuri namna gani mimi nakipa alama ndogo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuficha kitu kwa siku mbili tatu afu kichanwe kwa sekunde kumi, na dunia inabaki nacho miaka na miaka. Ila pia sitaki zawadi inayoonekana kama mzigo wa posta. Mtu akipewa zawadi anatakiwa aone kwamba umemfikiria, na hilo mimi silipuuzi hata kidogo.

Tuanze na adui, karatasi za kung'aa. Nyingi ya zile zenye rangi ya dhahabu na fedha sio karatasi tupu, ni karatasi iliyobandikwa utando wa plastiki juu, na nyingine ni plastiki mtupu iliyopakwa madini. Shida inaanzia hapa: kiwanda cha kurejeleza karatasi kinaziloweka na kuzivuruga kwenye maji mpaka ziwe rojo la nyuzi, sasa plastiki haiyeyuki mle, inabaki vipande vipande vinavyochujwa na kutupwa, na ikizidi inaharibu mzigo mzima. Kuzijua ni rahisi wala hauhitaji kuuliza mtu, chukua kipande ukifinyange kwenye ngumi afu uachie. Kikibaki kimefinyangika ni karatasi, kikijikunjua chenyewe taratibu kama kinaamka basi kina plastiki. Fanya hivi dukani kabla hujalipa, kwenye kile kipembe cha mwisho cha roli. Utashangaa, kuna zenye mng'ao kidogo zinapita vizuri tu na kuna nyingine zimepooza hazina hata mng'ao ila zinajikunjua.

Na glita, jamani, glita. Ile iliyozoeleka ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa alumini ikakatwa vipande vidogo mno, na chochote cha plastiki kilicho chini ya milimita 5 tayari kinahesabiwa kuwa plastiki-vumbi. Inakaa kwenye zulia, kwenye nguo, unaosha mikono inaenda na maji na huko mbele hakuna anayeikusanya. Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2023 umezuia kuuza glita ya plastiki iliyo huru, ile ya kumwaga, na mimi naona walichelewa. Karatasi yenye glita haipiti hata kama imefaulu kipimo cha ngumi. Sifuri.

Kuna watu wanasema lakini ndo sikukuu yenyewe hiyo, bila karatasi ya kung'aa haijanoga. Kwa kweli hii mila sio ya kale kihivyo. Mwaka 1917 kule Kansas City Marekani, ndugu wa familia ya Hall, hawa ndo walioanzisha kampuni ya kadi ya Hallmark, waliishiwa karatasi laini za kufungia zawadi dukani kwao kipindi cha Krismasi, wakachukua karatasi za mapambo kutoka Ufaransa zilizokuwa za kuweka ndani ya bahasha wakaziweka mezani, zikaisha haraka sana. Biashara ya karatasi za mapambo kama tunavyoijua ikapata nguvu hapo. Na selotepu ya wazi nayo ilikuja 1930, aliitengeneza Richard Drew wa kampuni ya 3M. Kabla ya hapo watu walifunga kwa kamba na lakiri na zawadi zilifika, watu walifurahi.

Haya, kitambaa. Hapa nitakaa sana kwa sababu kinastahili.

Wajapani wana furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia na kubebea vitu, wanakitumia karne na karne. Wakorea wana bojagi, na zile nzuri zaidi zimeungwa kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, yani hata mabaki hayatupwi. Mwaka 2006 Yuriko Koike akiwa waziri wa mazingira wa Japani alitoa furoshiki yake iliyotengenezwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa, akiwahimiza watu warudi kwenye kitambaa waache mifuko. Kwa hiyo hili sio wazo la juzi la watu wa mitandaoni.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba hakuna mkasi, hakuna gundi, hakuna selotepu. Unatandika kitambaa kikae kama almasi mbele yako, kona moja ikuelekee wewe, zawadi katikati. Kona ya kwako unaifunika juu ya zawadi, ya mbele nayo unaileta juu yake, zile mbili za pembeni unazifunga fundo. Fundo lenyewe ndo siri yote: kulia juu ya kushoto, afu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili linakaa mshazari na linalegea njiani, ila ukibadilisha upande linalala bapa na linashika kabisa. Na kufungua ni raha, unashika ncha moja unaivuta inyooke kuelekea upande wa pili, fundo lote linateleza kama pete kwenye kidole. Mtu ambaye hajui anahangaika na kucha, ukimwonyesha anataka afunge tena ajaribu mwenyewe.

Ukubwa ndo unaowachanganya wengi. Kanuni inayotumika ni kwamba urefu wa kitambaa kutoka kona hadi kona uwe kama mara tatu ya upande mrefu wa zawadi. Cha sentimita 50 kwa 50 kinatosha kitabu kidogo au kopo, cha 70 kinabeba boksi la kawaida, cha 90 kinameza hata boksi la viatu kama sio refu sana. Chupa mbili nazo zinafungika, unazilaza kitako kwa kitako zikiwa zimeachana kidogo katikati, unazivingirisha afu unazisimamisha unafunga juu. Mpira nao, kitu ambacho karatasi inakishindwa kabisa, kitambaa kinaukumbatia bila shida, unafunga kona mbili mbili unapata na mshikio.

Sio kila kitambaa lakini. Pamba nyepesi ndo bora, inashika fundo na inakunjika. Hariri na satini zinapendeza ila fundo linateleza, ukiweka kitu kizito linaachia. Jinzi na vitambaa vizito fundo linakuwa bonge kubwa linaharibu umbo. Kama unakata shuka la zamani au shati, pita na ule mkasi wa meno ya msumeno pembeni ili nyuzi zisifumuke, na upige pasi, tafadhali upige pasi. Kitambaa kilichokunjamana ndo kinafanya watu waseme zawadi za kulinda mazingira zinaonekana za hali ya chini, wakati pasi ya dakika tano inabadilisha kila kitu.

Sasa hapa nataka tuwe wakweli. Kitambaa kipya cha pamba hakijaja bure kutoka mbinguni, pamba inakula maji na ardhi na mbolea. Wakala wa mazingira wa Denmark mwaka 2018 walitoa uchunguzi wa mifuko ya kubebea bidhaa wakaona mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike angalau mara 52 ndo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa tabianchi peke yake, na ukijumlisha madhara yote waliyoyapima inafika mara 7,100. Ni mfuko, sio kitambaa cha zawadi, ila somo linakuja lilelile. Ukienda kununua vitambaa vipya kumi vya kufungia zawadi kumi ambavyo vitaishia kwenye droo za watu, hujasaidia. Kwa hiyo mimi nakipa kitambaa alama zote pale kinapokuwa cha zamani ulichonacho tayari, au kipya ambacho chenyewe ni zawadi, mfano mtandio ambao mtu atauvaa, taulo ya jikoni, kitambaa cha mezani. Hapo umefunga zawadi kwa zawadi na hakuna kinachobaki.

Halafu kuna lile swali gumu la adabu, je unakirudisha kitambaa au ni chako? Watu wanaona aibu kuuliza. Andika tu kwenye kadi, "kitambaa nacho ni chako, ukipenda mfungie mwingine". Kati ya watu mliozoeana vinaanza kuzunguka vyenyewe, mwaka unaofuata unakiona kitambaa chako kinarudi na kitu kingine ndani, na kwangu mimi hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye habari nzima ya kufunga zawadi.

Karatasi ya kaki sasa. Hii naipenda kwa sababu haina uongo ndani yake. Ni ngumu, inakunjika kwa mstari safi, haichaniki kwenye kona za boksi, na ile isiyo na utando inarejelezeka kabisa. Ugumu wake unatokana na namna inavyotengenezwa, njia iliyovumbuliwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, ambayo inaondoa kinachozishikamanisha nyuzi za mti bila kuzikatakata, kwa hiyo nyuzi zinabaki ndefu na zenye nguvu. Rangi ya kahawia ni kwa sababu haijapaushwa. Chukua isiyopakwa chochote, na kama unaipata iliyotokana na karatasi zilizorejelezwa ni vizuri zaidi, ila hiyo huwa laini kidogo maana nyuzi kila zikirejelezwa zinafupika.

Ubaya wa kaki ni kwamba ukiiacha hivihivi inapooza. Dawa ni kuichora. Kata kiazi nusu uchonge nyota au jani, uchovye rangi ya maji ugonge, watoto wanaweza kufanya hii kazi mchana mzima na matokeo yanapendeza kuliko roli yoyote ya dukani. Au jani bichi lenye mishipa mizuri chini ya kamba. Ua lililokaushwa. Vifungo vya shati vya zamani. Usiweke glita, nimeshasema.

Na mkiwa mnakata, kuna hesabu ndogo inayookoa karatasi, ilitangazwa na mwanahisabati Sara Santos. Kwa boksi lenye kitako cha mraba, pima kile kitako kona hadi kona, jumlisha kimo cha boksi mara moja na nusu, hicho ndo kipimo cha kila upande wa karatasi yako ya mraba. Mfano boksi la 20 kwa 20 lenye kimo cha 6, kona hadi kona ni kama 28, jumlisha 9, unakata mraba wa 37. Unaliweka boksi mshazari katikati ya karatasi, unaleta kona nne juu zinakutana katikati. Faida yake sio karatasi tu, ni kwamba kila kitu kinakutania sehemu moja kwa hiyo kipande kimoja cha tepu kinatosha, na ukipitisha kamba juu yake huhitaji tepu kabisa.

Ambayo inanileta kwenye tepu, na hapa ndo pana mtego ambao wengi hawauoni. Mtu ananunua karatasi safi kabisa ya kurejelezwa afu anaibandika selotepu mita mbili. Selotepu nyingi za leo ni plastiki ya polipropilini, na gundi yake kwenye kiwanda inageuka uchafu wa kunata unaoganda kwenye mashine. Vipande viwili vitatu viwanda vingi vinavimudu, mita mbili hapana.

Mbadala niliyoikubali ni tepu ya karatasi yenye gundi ya wanga, ile ambayo ni kavu mpaka uiloweshe. Inashika kweli kweli, sio mchezo, inaingia kwenye nyuzi za karatasi na kuwa kitu kimoja nayo, na inarejelezwa pamoja na karatasi bila kubandua. Ila ina mazoea yake. Maji yakizidi gundi inaoshwa na tepu inateleza, yakipungua pembeni zinanyanyuka baada ya saa moja. Tumia sponji iliyokamuliwa, pitisha mara moja, bandika, kandamiza kwa kidole kwa muda kidogo. Angalia pia isiwe ile yenye nyuzi nyeupe ndani, hizo ni za kioo, zimewekwa kwa ajili ya mizigo mizito na zinaharibu habari yote. Na kuna tepu za kahawia za kubandika bila maji zinazoitwa tepu ya karatasi, nazo mara nyingi zina utando wa kuteleza juu na gundi isiyo ya mimea, sio mbaya kama plastiki ila usidanganyike kwamba ni kitu kilekile. Ya maji naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja niliyopunguza ni kwa sababu haiwezi kubandika vizuri kwenye karatasi laini nyembamba, inaikunja.

Kamba nitapita haraka: katani, pamba, ukindu, sufu halisi, zote safi. Kuwa makini na nyuzi za kufuma za akriliki, zinafanana na sufu ila ni plastiki. Riboni zile unazipitisha kwenye ubapa wa mkasi zinajiviringa ni plastiki, hazioziki na zinajizungusha kwenye mashine za kuchambua taka mpaka mashine inasimamishwa. Kama unazo tayari zitumie tena na tena mpaka zichakae. Mpya usinunue.

Magazeti ya zamani watu wanayasifia mno. Yanafaa, ni bure, ila wino unabaki kwenye vidole na kwenye zawadi yenyewe ikiwa ni nguo nyeupe, na kwenye kona yanachanika, kwa hiyo tandika mawili. Kalenda ya mwaka uliopita ni bora zaidi, karatasi nzito na picha nzuri. Ramani ya zamani ndo bora kuliko zote, nikiona ramani iliyopitwa na wakati mahali naiomba.

Sasa vile vinavyouzwa kwa jina la mazingira. Karatasi yenye mbegu ndani, ile unaambiwa uipande. Nilitamani niipende. Ni nene, ukiikunja inapasuka kwenye mkunjo, kwa boksi kubwa haifai kabisa, na wanaopewa wengi wanaiweka pembeni wakisema nitaipanda, haipandwi. Isitoshe mbegu za maua ya mwituni zilizochanganywa kwa ajili ya nchi moja sio busara kuzipeleka kuota nchi nyingine. Kama lebo ndogo ya jina, sawa, inapendeza. Kama ya kufungia, hapana.

Nyingine ni vifungashio vya plastiki vyenye maandishi "inaoza". Soma vizuri chini. Kikiwa na kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 maana yake kimepimwa kwamba sehemu kubwa, asilimia 90, inavunjwa ndani ya miezi 6 kwenye mtambo wa mboji wa viwandani, kwenye joto la kama nyuzi 58. Lundo la mboji la nyuma ya nyumba halifiki huko na kukaa huko, kwa hiyo kama unapoishi hakuna mtambo huo na hakuna anayekusanya kupeleka, ile plastiki itabaki kama plastiki. Na ile iliyoandikwa inavunjika kwa hewa na jua ndo mbaya zaidi, inapasukapasuka tu kuwa vipande vidogo. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku Julai 2021.

Mifuko ya zawadi yenye mshikio, ile ya karatasi nene inayong'aa, ina utando wa plastiki na mara nyingi haipokelewi kwenye urejelezaji. Ila mimi sisemi uitupe. Kilichopo tayari nyumbani kitumike, toa lebo ya jina, kinyooshe, kipeleke tena. Huwa nasikitika nikiona mtu anatupa mifuko ishirini mizima ili akanunue vifaa vipya vya kulinda mazingira, hapo amefanya kinyume.

Kuna mbinu moja ya boksi ambayo naona haipewi sifa yake. Chukua boksi gumu lenye mfuniko, funga mfuniko peke yake na chini peke yake, karatasi ipinde kuingia ndani. Anayepewa anainua mfuniko tu, hachani kitu, na boksi lile linazunguka miaka mingi. Mikebe ya bati na mitungi ya kioo nayo ni hivyohivyo, haina haja hata ya kufungwa, kamba shingoni na kadi basi.

Watoto ni habari tofauti, wao raha yao ni kuchana, na siwanyimi. Kwao natumia kaki iliyochorwa au kurasa za kalenda, wachane wanavyotaka, afu tunakusanya pamoja tunakunja, hakuna cha kubandua.

Na kama zawadi inasafiri, kitambaa kisiwe nje. Weka zawadi iliyofungwa kwa kitambaa ndani ya boksi la kawaida lililotumika, nafasi zilizobaki jaza kaki iliyofinyangwa badala ya yale mapovu ya plastiki, funga boksi kwa tepu ya maji, mstari wa katikati na mistari miwili ya pembeni iwe kama herufi H juu na chini. Anwani iandike moja kwa moja kwenye boksi kwa kalamu nene, afu futa au ziba kabisa anwani ya zamani, la sivyo zawadi yako itarudi ilikotoka mara ya kwanza.